Jina la tovuti: maneno ya Google yamepoteza nguvu, hatari iko kwa mwenye kuliandikisha

Mfanyabiashara wa Goma, Bukavu ama Butembo anayetaka kufungua tovuti hupewa shauri moja karibu kila mahali: aweke ndani ya jina la tovuti maneno yale yale ambayo wateja wanaandika kwenye Google. Muuza kahawa aite tovuti yake "kahawa-ya-kivu". Mwenye hoteli aite "hotelgoma". Shauri hilo lilikuwa na faida zaidi ya miaka kumi iliyopita. Leo linawapoteza watu njia, kwa sababu wanatumia muda wao kutafuta maneno mazuri, kisha wanasahau kuuliza jina hilo limeandikishwa kwa nani na nani atalilipia mwaka ujao.

Zamani hesabu ilikuwa rahisi. Kama watu wengi walikuwa wanatafuta "bima ya magari", mtu alinunua jina lenye maneno hayo, akaweka kurasa mbili tatu zisizo na maana, na Google ikamweka juu ya orodha. Biashara ya kununua na kuuza majina ya aina hiyo ilinona sana. Tarehe 28 Septemba 2012, Matt Cutts, aliyeongoza kikosi cha Google kinachopigana na kurasa za udanganyifu, alitangaza kwenye Twitter kwamba tovuti dhaifu zinazotegemea jina tu zitashushwa. Kufuatana na tangazo lake, badiliko lile liligusa asilimia 0.6 tu ya utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani. Ni kidogo kwa hesabu, lakini mlango ulikuwa umeanza kufungwa.

Leo Google haifichi tena jambo hilo. Mwongozo wake kwa wenye tovuti, ulioandikwa upya mwaka 2024, unasema kwamba maneno yaliyo ndani ya jina, yakiwa peke yake, karibu hayana athari kwa nafasi ya tovuti kwenye orodha. Kinachopimwa ni ukurasa wenyewe: kama unajibu swali la mtu aliyetafuta, na kama tovuti zingine zinauelekeza. Na mtu akiandika "hotel Goma" kwenye simu, mara nyingi kitu cha kwanza anachoona ni ramani yenye majina ya hoteli, simu zao na maoni ya wageni. Mwenye hoteli ambaye hajajiandikisha kwenye ramani hiyo, ambako kuandikisha biashara ni bure, amekosa kitu kikubwa kuliko jina lolote la tovuti.

Je, jina halina kazi tena? Linayo, lakini kazi yake ni kwa watu, si kwa mashine. Mtu anayeona orodha ya majibu kumi anasoma jina kabla ya kugusa, na jina linaloeleweka linamvuta. Hapa Congo mfano uko wazi. Actualite.cd ni neno la utafutaji lenyewe, tena bila alama juu ya herufi ya mwisho. Lakini hakuna anayeisoma kwa sababu ya neno hilo. Watu wanairudia kwa sababu kila siku kuna habari ndani yake. Radio Okapi ilianza mwaka 2002 na tovuti yake inabeba jina la mnyama, si neno "habari". Hifadhi ya Virunga inatumia virunga.org, bila "sokwe" wala "utalii". Katika kahawa ya ziwa Kivu, ushirika wa Sopacdi na ule wa Muungano wamejulikana kwa wanunuzi wa nje kwa majina ambayo neno kahawa halionekani waziwazi.

Tena, neno lenyewe ni la lugha gani? Mashauri mengi yanayosomwa kwenye intaneti yaliandikwa kwa nchi ambako mteja na muuzaji wanazungumza lugha moja. Kivu si hivyo. Mnunuzi wa Brussels ataandika "café" kwa Kifaransa, yule wa Seattle ataandika "coffee" kwa Kiingereza, na mkaaji wa Uvira ataandika "kahawa" ama "kawa", kama anavyosema nyumbani. Jina moja haliwezi kubeba zote nne. Kurasa zinaweza: moja kwa Kifaransa, moja kwa Kiingereza, moja kwa Kiswahili, zote chini ya jina lile lile. Maneno ya utafutaji yanastahili kukaa pale, kwenye vichwa na maelezo ya kurasa, ambako mtu anaweza kuyabadilisha kesho bila kupoteza kitu.

Jina la tovuti, kinyume chake, halibadilishwi ovyo. Linakuwa kwenye magunia, kwenye kadi, kwenye ubao wa duka. Mkulima wa Beni aliyeanza na kahawa na sasa anauza kakao na vanila atafanya nini na tovuti inayoitwa "kahawa"? Na mfanyabiashara aliyeweka "goma" ndani ya jina, kisha vita vikamlazimisha kuhamia Beni ama Kampala, anatembea na anwani ambayo inawaambia wateja yuko mahali ambapo hayupo tena. Kwa mashariki ya Congo hilo si jambo la kufikiria tu.

Kuna pia mtihani wa redio. Sehemu kubwa ya matangazo ya biashara hapa bado yanapita kwa sauti: redio, kipaza sauti sokoni, ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Jina lenye vistari viwili, ama "tire" kama wengi wanavyosema, linachosha msikilizaji kabla hajafika mwisho. Jina lenye alama za Kifaransa ni tabu zaidi. Inawezekana kuandikisha "hôtel" pamoja na kofia yake katika baadhi ya domeni, lakini ndani ya mitambo ya intaneti jina hilo linageuzwa kuwa mfululizo wa herufi unaoanza na "xn--", na mtu anayeandika "hotel" bila kofia atafika kwa mwingine. Anayechagua jina angemsomea mtu jina hilo mara moja kwenye simu, kisha amwombe aliandike. Akilikosea, litafutwe lingine.

Na herufi za mwisho, je? Wengi wanadhani .cd inaiambia Google kwamba tovuti ni ya Congo. Si hivyo. Google ina orodha ya domeni za nchi ambazo inazihesabu kama za dunia nzima, kwa kuwa watu wa nje wanazitumia kwa mambo yao, na .cd imo, pamoja na .tv na .io. Wauza muziki wa Ulaya na Marekani waliipenda .cd kwa sababu ya diski. Kwa hiyo .cd inampa msomaji Mcongomani imani fulani, na hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua, lakini haimpandishi mtu kwenye orodha ya Kinshasa ama ya Bukavu.

Domeni hiyo ilizaliwa mwaka 1997, Zaïre ilipobadilisha jina, ikachukua nafasi ya .zr. Ndiyo pia iliyotoa somo kubwa kuliko yote juu ya umiliki. Mwishoni mwa 2020, jina scpt-network.com, lililokuwa likibeba baadhi ya seva zinazoongoza .cd yote, liliachwa likaisha muda. Jina hilo lilikuwa upande wa SCPT, shirika la serikali la posta na simu. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliliona liko wazi, akalinunua ili mwizi asilichukue, kisha akawajulisha wenyewe Januari 2021. Kwa maelezo yake, mtu mbaya angeweza kugeuza karibu nusu ya maombi yote ya kutafuta tovuti za .cd. Wasimamizi walihamia kwenye scpt-network.net. Domeni ya nchi nzima iliponea kwa bahati, juu ya jina moja ambalo halikuandikishwa upya.

Waliokimbilia majina ya bure nao walipata lao. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bila malipo majina yanayoishia na .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, na vijana wengi wa Afrika walianzia hapo. Kwa mkataba, aliyepewa jina la bure hakuwa mwenyewe. Alikuwa mtumiaji tu. Mwaka 2023 Gabon ilirudisha .ga mikononi mwake na mamilioni ya majina yakafutwa, Mali ikafuata na .ml, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kuacha kazi hiyo. Aliyekuwa amechagua maneno mazuri ya utafutaji chini ya .ga alipoteza maneno na tovuti pamoja.

Hatari ya kila siku ni ndogo kwa sura lakini ya aina ile ile. Mara nyingi fundi wa informatike ndiye anayenunua jina, kwa barua pepe yake na kadi yake, kisha anamkabidhi mteja tovuti iliyomalizika. Mbele ya kampuni inayoandikisha majina, mwenye mali ni fundi. Akihama, akigombana na mteja ama akibadilisha simu, taarifa ya kulipa inaenda kwake. Kwa majina ya .com na .org, jina lisilolipwa likisha kufutwa hubaki siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa, kwa bei ya juu kuliko kawaida. Baada ya hapo yeyote duniani anaweza kulichukua, hata yule wa michezo ya bahati nasibu anayetaka kunufaika na viungo vilivyokwisha kujengwa.

Kwa Goma tatizo lina uso mwingine. Tangu benki zilipofunga milango, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kadi ya benki ya hapa si njia ya kutegemea, na kampuni nyingi zinazouza majina nje hazipokei pesa za simu za Congo. Wanaotegemea ndugu aliye Kampala, Kigali ama Ubelgiji kuwalipia wanaweza kulipa miaka kadhaa kwa mara moja, hadi kumi kwa .com, na kuhakikisha kwamba barua pepe iliyoandikishwa ni ya kampuni yenyewe, si ya ndugu wala ya fundi.