Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kila Desemba, magari yakianza kubanana Kibaha kuelekea Chalinze na watani wakianza kuuliza Wachaga wanamwachia nani Dar es Salaam, linaanza pia lalamiko moja lisilo na utani hata kidogo. Wazazi wanawalalamikia watoto wao wa sekondari. Hawataki kwenda Moshi. Wakikubali, wananuna. Wanaziba masikio kwa hedifoni kutoka Mbezi hadi Himo, wanaamkia kwa mdomo nusu, kiburu hawali, na wanaulizia intaneti kabla hawajaulizia miguu ya bibi. Kizazi cha simu, tunaambiwa. Wameharibika.

Mimi nawatetea. Wamebebwa kama magunia ya mchele, halafu wanalaumiwa kwa kukaa kimya kama magunia.

Tuanze na kalenda, maana wazazi wetu wanaisahau. Mtoto wa tabaka ninalolisema hapa, yule ambaye kwao kuna gari au kuna nauli ya basi ya watu watano kwa mpigo, yuko bweni tangu kidato cha kwanza, wengine tangu shule ya msingi. Nyumbani anaonekana Juni na Desemba. Akiwa likizo anapelekwa masomo ya ziada, na baba anatoka alfajiri kukwepa foleni na kurudi usiku akiwa hoi. Dar hadi Moshi ni kilomita zisizopungua 550, saa nane au zaidi barabarani. Piga hesabu mwenyewe: katika mwaka mzima, ni wapi pengine familia hii inakaa pamoja saa nane, milango imefungwa, hakuna wa kutoka?

Na saa hizo wakubwa wanazifanyia nini? Mbele kunazungumzwa michango ya ukoo, nani kajenga, nani kanunua gari gani, nani mwaka huu anajifanya hana hela. Baba akigeuka nyuma ni kuuliza matokeo. Hesabu ulipata ngapi? Mbona mwenzako wa jirani kapata vile? Akijibiwa, anarudi kwenye simu yake. Naam, simu yake. Kijana huyu shuleni kwake simu ni kosa la kufukuzwa. Hii aliyonayo amerudishiwa wiki tatu tu zilizopita, na ndani yake ndimo walimo marafiki wote atakaowakosa tena Januari. Mwenye simu tangu Januari hadi Desemba ni yule anayemwambia aiweke chini.

Nje ya dirisha kuna mambo. Kuanzia Segera hadi Mombo unapita mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta mwaka 1893. Katika miche elfu moja hivi aliyoagiza, iliyosalimika ilikuwa 62. Mwaka huohuo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Moshi 1911. Mwanafunzi wa kiti cha nyuma ameukariri uchumi wa kikoloni: mashamba makubwa, kazi ya kulazimishwa, njia kuu za uchukuzi. Ameandika insha na kusahihishiwa. Sasa anapita katikati ya jibu la mtihani wake, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia, na hakuna anayemwambia kitu isipokuwa kama anataka mahindi ya kuchoma. Pengine baba mwenyewe hajui. Basi amuulize mtoto! Ni nadra sana kijana wa miaka kumi na mitano kuulizwa na baba yake jambo ambalo baba halijui.

Najua jibu linalokuja: wewe hujazaa, unajua nini kuhusu kulea. Kweli, sijazaa. Nina miaka ishirini na sita, nasoma shahada ya uzamili, na nimekaa kiti hichohicho cha nyuma muda si mrefu sana uliopita. Wanaopanga safari wameshasahau kiti hicho kilivyo. Mimi bado nakikumbuka, na sioni kwa nini ushahidi wangu uwe mwepesi kuliko wao.

Ila hasira yangu hasa iko mwisho wa barabara.

Gari likishafika, watoto wanashushwa na kugawanywa. Wavulana wanaitwa upande wa mbuzi. Wakishachinja, baba mdogo anawatembeza kihambani, migombani na kwenye kahawa, anawaonyesha masale yaliyopandwa mpakani, na kwenye makaburi anawaeleza nani alimzaa nani. Wasichana wanaingia jikoni kumenya ndizi za mtori. Jioni familia nzima inapigwa picha mbele ya kaburi la babu, na mzee mmoja anasema lile neno ambalo safari yote imefungwa kwa ajili yake: hapa ndipo kwenu.

Kwenu, nani? Kwa desturi yetu kihamba huenda kwa watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Binti wa kidato cha tatu si mjinga. Ameona nani katembezwa mpakani na nani kapewa kisu cha ndizi. Ameona shangazi yake, ambaye ndiye anamtibu bibi na ndiye kaezeka upya nyumba, akiitwa mgeni. Kisha anaambiwa apapende, na asipochangamka tunaitafuta sababu kwenye simu yake.

Wakibanwa, wakubwa husema ni mila, na mtoto wa kike atapata kwa mumewe. Lakini sheria ya nchi ilishasema lake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza uzeeni, na mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kumpinga kwa hoja kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliikataa hoja hiyo: mila ya namna hiyo ni ubaguzi, na Katiba haiuruhusu. Uhaya si Uchagani, lakini hoja ya baba mdogo ni ileile, na kwangu mimi ilishashindwa kabla sijazaliwa.

Katika kesi hiyo mimi hurudi kila mara kwenye wosia. Kuna baba mmoja wa Kihaya, wa enzi zile, aliyekaa akaandika jina la binti yake. Baba zetu wana shahada, wana mawakili kwenye makundi yao ya WhatsApp, na RITA, wakala wa serikali unaoandika na kutunza wosia, iko mjini humohumo wanakotoka. Hawaandiki. Hata kulizungumza hawalizungumzi, wala kwa watoto wa kiume, ambao nao wanaachiwa kurithi ugomvi na dada zao bila kuulizwa kama wanautaka. Kimya cha kiti cha nyuma kinawafaa wazazi kuliko wanavyokubali, kwa sababu mtoto aliyevaa hedifoni hawezi kuuliza.

Kutoka Same hadi Himo ni zaidi ya saa moja, Upare uko kulia, barabara imenyooka. Hakuna anayehitaji hotuba. Inatosha mzazi kuuliza, kwa sauti ya kawaida, kihamba cha babu siku moja kitakuwa cha nani, na kumwacha binti awe wa kwanza kujibu.