Sauti ya Mtoto Isiwe Mali ya Kampuni

Mwezi Juni mwaka 2012, kampuni ya Apple ya Marekani iliiondoa katika duka lake programu iitwayo Speak for Yourself. Programu hiyo, iliyobuniwa na wanawake wawili wataalamu wa tiba ya usemi, humwezesha mtu asiyeweza kutamka kusema kwa kishikwambi: hugusa kibonye kimoja au viwili, na mashine hulitamka neno kwa niaba yake. Kosa lake lilikuwa nini? Kampuni ya Prentke Romich ya jimbo la Ohio, pamoja na mshirika wake, walikuwa wamekwenda mahakamani wakidai kwamba namna ile ya kupanga vibonye ni uvumbuzi wanaoumiliki wao. Mahakama ilikuwa haijatoa hukumu. Lalamiko la mdai peke yake lilitosha.

Wako watakaosema kuwa huo ulikuwa ugomvi wa wafanyabiashara, na kwamba baadaye wenyewe walipatana, programu ikarudi dukani. Wasemao hivyo hawajapata kumwona mtoto akijifunza kusema kwa njia hii. Mtoto huyo hakariri picha tu. Kidole chake hukariri mahali. “Maji” yako pale, “sitaki” iko pale, leo na kesho, kama mpiga chapa stadi asiyetazama vidole vyake. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka. Ukimpa ubao mwingine uliopangwa vingine, umemrudisha kwenye ukimya aanze upya. Ni kweli kwamba waliokuwa nayo tayari hawakunyang’anywa. Lakini matengenezo yalikatwa, na wazazi wakaishi na hofu kwamba mabadiliko yoyote ya mitambo ya Apple yangeweza kuizima sauti ya mtoto wao.

Hatukatai kwamba mvumbuzi ana haki ya kula jasho lake. Kampuni hiyo ilianza kuwatengenezea walemavu vifaa tangu mwaka 1966, na wengi waliweza kusema kwa sababu yake. Lakini vifaa hivyo huuzwa kwa maelfu ya dola, na programu ile iliuzwa kwa mia chache. Panapo tofauti kama hiyo, tuna haki ya kuuliza ni nini hasa kilichokuwa kikilindwa.

Na mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Seneti ya Marekani ilishindwa kuuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, kwa kura 61 dhidi ya 38, kwa kukosa theluthi mbili. Mkataba huo unazitaja waziwazi njia mbadala za mawasiliano. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Tusijisifu upesi, kwa maana kuridhia ni wino tu.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Basi chombo kipo mikononi mwetu. Kinachobaki ni yale yatakayowekwa ndani yake, na hapo ndipo pa kuwa macho. Mtu akituletea programu ya kigeni iliyotafsiriwa juu juu, itampa mtoto kibonye cha “mimi” na kibonye cha “kula”, naye atasema “mimi kula” kama mgeni aliyeshuka melini jana. Kiswahili hakisemwi hivyo. “Nimekula”, “hatujala”, “atakula”: mtendaji, wakati na tendo vimo katika neno moja, na ubao wa Kiswahili hauna budi kujengwa kwa viambishi vyake tangu mwanzo. Kazi hiyo ni ya walimu na wanaisimu wetu, wala haihitaji idhini ya Ohio. Hata picha zipo: serikali ya Aragon, huko Hispania, inagharimia mkusanyo wa ARASAAC, ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia bure maadamu hafanyi biashara.

Afisa atakayeletewa hati ya ununuzi wa programu ya namna hii asitazame bei peke yake. Aulize kama maneno na mpangilio aliouzoea mtoto vinaweza kuhamishiwa kwenye programu nyingine, na kama programu itaendelea kufanya kazi siku muuzaji atakapofunga duka au kushtakiwa. Muuzaji asiyeweza kulijibu hilo kwa maandishi, hati yake irudishwe.