Pembe za Faru: Kuhalalisha Biashara Kutazima Ujangili au Kutauchochea?

Na Mwandishi Wetu – Kiwira, Rungwe

Kwa miaka mingi sasa nchi zenye faru zimegawanyika kuhusu swali moja: je, kuruhusu biashara halali ya pembe za mnyama huyo kungepunguza ujangili au kungeuongeza? Ni swali linaloonekana kuwa la mikutano ya kimataifa na la nchi za Kusini mwa Afrika. Hata hivyo, jibu lake linawahusu pia wananchi wa Kiwira, wilayani Rungwe, ambako hakuna faru hata mmoja. Mji huo uko kwenye barabara kuu inayotoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu, na nyara za wanyamapori hazifiki sokoni bila barabara.

Ushahidi wa jambo hilo upo. Mwezi Mei 2013, mamlaka za Malawi zilikamata karibu na Mzuzu lori lililotokea Tanzania likiwa na tani 2.6 za meno ya tembo yaliyofichwa chini ya mifuko ya saruji. Septemba 2021, mahakama jijini Lilongwe ilimhukumu Yunhua Lin, raia wa China aliyeongoza mtandao wa magendo ya wanyamapori, kifungo cha miaka 14 kwa makosa yaliyohusu pembe za faru. Ukanda unaoziunganisha Tanzania na Malawi, kwa hiyo, si mgeni katika biashara hii haramu.

Sheria inasemaje

Biashara ya kimataifa ya pembe za faru imepigwa marufuku tangu mwaka 1977 chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbepori walio hatarini kutoweka, ujulikanao kwa kifupi kama CITES. Hapa nchini, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inaitambua pembe ya faru kuwa nyara ya Serikali. Anayekutwa nayo bila kibali anaweza kukabiliwa na kifungo cha hadi miaka 30, na mashauri ya aina hii hufunguliwa pia kama uhujumu uchumi.

Marufuku hiyo haikuzuia maafa. Faru weusi barani Afrika, waliokadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, walibaki chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Tanzania, iliyokuwa na maelfu ya faru, ilijikuta na makumi tu. Kutokana na hali hiyo, wapo wanaouliza iwapo marufuku pekee ni dawa.

Hoja za wanaotaka biashara ihalalishwe

Hoja yao ya kwanza ni ya kimaumbile. Pembe ya faru imeundwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha za binadamu, nayo hukua tena ikikatwa kwa utaalamu. Tofauti na tembo, ambaye meno yake hupatikana kwa wingi akiwa amekufa, faru anaweza kuvunwa pembe mara kadhaa akiwa hai.

Hoja ya pili ni ya fedha. Kumlinda faru kunahitaji askari, magari, ndege na vifaa vya mawasiliano, na gharama hizo ni za kila siku. Wamiliki wa mashamba ya faru nchini Afrika Kusini wanasema kuwa pembe zilizolundikana maghalani zingeweza kulipia ulinzi huo. Wanaongeza kwamba baada ya nchi hiyo kupiga marufuku biashara ya ndani mwaka 2009, ujangili uliendelea kupanda: faru 13 waliuawa mwaka 2007, lakini mwaka 2014 waliuawa 1,215. Wamiliki hao walikwenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikataa rufaa ya serikali, hivyo biashara ya ndani kwa kibali ikarejea.

Katika ngazi ya kimataifa, Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, iliomba mwaka 2016 katika mkutano wa CITES jijini Johannesburg iruhusiwe kuuza pembe za faru weupe. Nchi 26 ziliunga mkono na 100 zilipinga. Ombi lake la mwaka 2019 nalo lilikataliwa.

Hoja hizi si za kubezwa. Wanaozitoa ni watu wanaobeba gharama halisi ya kuwaweka faru hai, na marufuku isiyoambatana na fedha za ulinzi humwacha mnyama bila kinga.

Mtihani uko njiani

Udhaifu wa hoja hizo huanza pale pembe inapotoka ghalani. Pembe iliyokatwa shambani kwa kibali na pembe ya faru aliyeuawa usiku hifadhini hufanana kwa macho. Uchunguzi wa vinasaba unaweza kuzitofautisha, lakini huo ni wa maabara. Hauwezi kufanywa kwa kila mzigo kwenye kizuizi cha barabarani. Zikisagwa kuwa unga, ugumu huongezeka.

Wakazi wa Rungwe wanaufahamu mfano wa karibu. Mbao husafirishwa kwa kibali na kugongwa nyundo, kwa sababu ubao pekee hauelezi ulikatwa katika shamba la mtu au katika msitu wa hifadhi. Kibali kikitumika mara mbili, mbao za magendo hupata uhalali wa karatasi. Leo ofisa anayekuta pembe ya faru ndani ya lori hana haja ya kuuliza nyaraka zaidi: biashara hiyo hairuhusiwi. Siku itakapohalalishwa, kazi yake itakuwa kuthibitisha kwamba karatasi aliyooneshwa ni ya pembe ileile.

Hofu hii ina mfano wake. Uwindaji halali wa faru weupe nchini Afrika Kusini uliwahi kutumiwa na wafanyabiashara wa pembe, waliowatuma watu kuwinda kwa kibali ili pembe ziuzwe Asia, hadi serikali iliposimamisha vibali kwa waombaji kutoka Vietnam mwaka 2012.

Funzo la meno ya tembo

Tanzania ina uzoefu wake katika mjadala unaofanana na huu. Mwaka 1989, baada ya Operesheni Uhai kuanza, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ipigwe marufuku, na pendekezo hilo lilipita. Mwaka 2008, Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini ziliruhusiwa kuuza zaidi ya tani 100 za meno kwa China na Japan. Mwaka 2010 Tanzania nayo iliomba kuuza takriban tani 90 zilizokuwa ghalani, lakini haikupata kura za kutosha.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Tembo nchini walipungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Wataalamu bado wanabishana iwapo mauzo ya mwaka 2008 yalichochea mahitaji, na haitakuwa sahihi kuyabebesha mauzo hayo lawama yote. Lililo wazi ni kwamba soko halali la mara moja halikuwazuia majangili, na gharama ya kosa ililipwa na wanyama walio hai.

Kwa faru gharama hiyo ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ni wachache. Desemba 2010, faru aliyeitwa George, mmoja wa faru watano waliorejeshwa Serengeti kutoka Afrika Kusini mwezi Mei mwaka huohuo, aliuawa na majangili. Kundi la watano likipoteza mmoja, limepoteza sehemu ya tano ya mbegu yake. Aidha, Tanzania haina mashamba binafsi ya faru kama ya Afrika Kusini. Mapato ya biashara hiyo yangekwenda zaidi kwingine, ilhali hatari yake ingefika hapa.

Kinachobaki mikononi mwetu

Kwa hali iliyopo, kuhalalisha biashara kabla ya kuwa na njia ya uhakika ya kutambua kila pembe kutoka shambani hadi kwa mnunuzi ni kumpa jangili mahali pa kujificha. Lakini anayekataa biashara hiyo hana budi kujibu swali la fedha: ulinzi wa faru lazima ulipiwe na bajeti, mapato ya utalii na wadau wa uhifadhi, mwaka hadi mwaka, hata pale ujangili unapoonekana kupungua.

Sehemu nyingine ni ya wananchi. Faru hulindwa na askari hifadhini, lakini pembe yake hubebwa na dereva, hulazwa katika nyumba ya wageni na kupakiwa na vibarua. Katika miji ya njiani kama Kiwira, mtu anayeombwa kuhifadhi mzigo asioruhusiwa kuufungua, au kuusafirisha kwa malipo yasiyolingana na uzito wake, ana sababu ya kutoa taarifa mapema kwa Polisi au ofisa wanyamapori wa wilaya. Akinyamaza na mzigo ukakutwa mikononi mwake, mashtaka ya kukutwa na nyara za Serikali yanaweza kumfikia yeye kabla ya kumfikia mwenye mzigo.