Anayeshusha Gari Aanze na Ekzosi

Kuna imani iliyoota mizizi katika gereji nyingi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam: gari likiwa chini ndipo linaposhika barabara, na kila sentimita inayoondolewa ni faida. Kwa imani hiyo, Subaru Impreza iliyopakuliwa bandarini ikiwa nzima hupelekwa kwa fundi, springi zikakatwa kwa grenda, na mwenyewe akarudi barabarani akiamini kwamba sasa ana gari la kona. Ekzosi haiulizwi. Ikigonga tuta, itachomelewa. Imani hii ni potofu, inawamalizia watu fedha, na inahatarisha maisha ya wanaopanda magari hayo.

Hoja yao yenye nguvu isikilizwe kwanza, kwa kuwa ipo. Gari linapokata kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kiasi kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito kikilinganishwa na upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Kitovu kikishuka, uzito unaohama hupungua. Hilo halina ubishi. Lakini faida yenyewe ni ndogo kuliko sifa inazopewa. Saluni ya kawaida ina kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimita 55 hivi. Ukiishusha kwa sentimita 3, uzito unaohama unapungua kwa takriban asilimia 5. Basi.

Sasa kitazamwe kinachopotea. Impreza, kama zilivyo saluni nyingi ndogo, hutumia mbele mfumo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, uliopata umaarufu ulipofungwa kwenye Ford Consul ya mwaka 1950. Katika mfumo huo, mkono wa chini unaoshika gurudumu umepangwa kulala kwa pembe maalumu. Bodi likishushwa kupita kiasi, ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu hubaki juu kuliko ile iliyofungwa kwenye bodi. Hapo nukta ambayo bodi hulalia wakati wa kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Nafasi kati ya viwili hivyo huongezeka, na gari lililoshushwa ili lisilale kwenye kona hupata sababu mpya ya kulala.

Kisha kuna nafasi ya springi kubonyea. Ukiipunguza nafasi hiyo kwa nusu, springi inapaswa kuwa ngumu mara nne ili imeze pigo lile lile. Grenda haitoi ugumu huo. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huongeza ugumu kwa asilimia 20 tu. Matokeo yake, gari hugota kwenye raba za kuzuia mapema, na likigota katikati ya kona, tairi hupoteza mshiko ghafla. Gari la namna hiyo hudunda kwenye lami yenye mabonde, na anayeliendesha hudanganywa na ule ugumu, akauita utulivu.

Hata hivyo, kinachopigwa kwanza kuliko vyote ni ekzosi, na hapo ndipo uzembe unapoonekana wazi. Injini ya Subaru hulala ubavu, na mabomba yanayotoka kwenye vichwa vyake hupita chini ya injini. Kwa hiyo ekzosi huanza safari yake mahali pa chini kabisa, ikapita chini ya gia na sakafu hadi kwenye sailensa ya nyuma. Njiani kuna maungio ya bolti na nati, na kila ungio hushuka chini zaidi ya bomba lenyewe.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Saluni nyingi hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka chini. Mwenye gari akakata springi, likashuka sentimita 4. Zimebaki 11. Jumamosi akapakia watu wanne na mizigo yao, kilo 300 kwa jumla, springi zikabonyea kwa sentimita 2 au 3 nyingine. Zimebaki 8 au 9. Uingereza, kanuni za mwaka 1999 zinataka tuta lisizidi kimo cha sentimita 10. Matuta mengi ya mitaa ya Afrika Mashariki, hasa yale yanayojengwa na wakazi wenyewe kwa udongo na zege, hayakupimwa na mtu yeyote. Gari hilo litakwaruza hata kwenye tuta la Mwingereza, tena likitambaa.

Watetezi wa kushusha husema ekzosi ni bomba tu. Si kweli. Bomba likipasuka kabla ya kifaa kinachopima oksijeni, hewa ya nje huingia, kompyuta ya injini ikadhani mafuta ni machache, ikaongeza. Mwenye gari anachoma petroli bure bila kujua sababu. Hatari kubwa zaidi haionekani wala hainuki: kaboni monoksidi. Gesi hiyo ikivuja chini ya sakafu, hupenya ndani kupitia matundu ya bodi na mpira wa mlango wa buti, na huua. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hana namna ya kujua kwamba hewa anayovuta ina sumu.

Wanaopenda Subaru huwataja mashujaa wa mbio za Safari Rally, na wana haki ya kujivuna. Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari ya mwaka 1994 akiwa na Impreza. Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Lakini magari ya Safari hayakushushwa. Yaliinuliwa, yakapewa springi zenye nafasi ndefu ya kubonyea, yakakingwa kwa vyuma chini ya tumbo. Wahandisi waliotaka kushinda katika barabara za Kenya walizisoma barabara hizo kwanza, kisha wakapanga kimo cha gari.

Hata huko magari haya yanakotoka, kimo kina mpaka. Ukaguzi wa magari nchini Japani, penye lami laini, unataka saluni iwe na nafasi isiyopungua sentimita 9 kutoka chini. California nako, kuanzia mwaka 1958 hadi mwisho wa mwaka 2023, sheria ilikataza sehemu yoyote ya gari la abiria lililobadilishwa kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ni sheria hiyo iliyomfanya Ron Aguirre aifungie Corvette yake haidroliki mwaka 1959, ili aishushe anapotaka kuionyesha na kuiinua anapotaka kuiendesha. Mtu aliyependa gari la chini kuliko wengi alikubali kwamba kwenye mwendo lazima lipande.

Hakuna anayesema magari yasishushwe kabisa. Kinachopaswa kupinduliwa ni mpangilio wa kazi. Kipimo cha kwanza kichukuliwe chini ya ekzosi, gari likiwa limejaa watu na tangi limejaa mafuta, mahali tambarare. Kisha lipimwe tuta refu kuliko yote katika njia ya kila siku. Tofauti ya vipimo hivyo, baada ya kuacha akiba ya kudunda, ndiyo inayosema gari litashuka kiasi gani, na mara nyingi jibu litakuwa sentimita moja au mbili, au sifuri.

Anayetaka zaidi aanze kwa kuipandisha ekzosi yenyewe. Raba za kuning'inizia zilizolegea zibadilishwe. Maungio yageuzwe ili bolti zikae pembeni, zisitazame ardhi. Katika sehemu iliyo chini zaidi, bomba la mviringo libadilishwe kwa lililobapa lenye uwazi uleule. Wala bomba lisibanwe kwenye sakafu: kataliti, kifaa kinachosafisha moshi, hufikia mamia ya nyuzi joto, na karibu yake hupita mabomba ya petroli na ya breki. Kipande chenye kunyumbuka kiachwe kinyumbuke, maana injini hutikisika. Baada ya hapo ndipo zinunuliwe springi fupi zilizotengenezwa pamoja na shokapu zake, magurudumu yapangwe upya na taa za mbele zirekebishwe.

Mwenye gari ana haki ya kulipenda likiwa chini, na pesa ni zake. Lakini abiria wake hawakuchagua kuvuta moshi. Kwa hiyo fundi anayepewa springi azikate bila kuambiwa ekzosi iko sentimita ngapi kutoka chini, aikatae kazi hiyo mpaka kipimo kichukuliwe.