Farasi 2,000 kwenye karatasi, mbio anashinda mwingine

Mpira hauchezwi kwenye karatasi. Kila shabiki anaijua kauli hiyo, hasa siku kikosi chake cha mabilioni kinapopigwa na timu iliyopanda daraja juzi tu. Kule Marekani kuna mchezo ambao kauli hiyo inauhusu vilevile: mbio fupi za pikapu za dizeli.

Mashindano yanayotajwa sana ni Ultimate Callout Challenge, ambayo kwa miaka kadhaa yamefanyika Indianapolis. Gari moja linapita mitihani mitatu: kupimwa nguvu kwenye mashine inayoitwa daino, kukimbia mbio za mstari ulionyooka, na kuvuta mzigo unaozidi kuwa mzito kadiri gari linavyosonga. Kule gari kuvuka nguvu ya farasi 2,000 si habari tena. Lakini mwenye namba kubwa kwenye daino si lazima awe wa kwanza kwenye mbio. Kwa nini?

Ishu iko kwenye kasi ambayo injini inapandisha mizunguko yake.

Nguvu inayotokana na dizeli kuungua haifiki yote kwenye tairi. Kwanza inabidi izungushe vyuma vya injini yenyewe, krenki na flaiwili. Kwa dizeli vyuma hivyo ni vizito, maana mgandamizo wake ni mkubwa na chuma chepesi kingekatika. Ukivipandisha taratibu vinakula nguvu kidogo. Ukivilazimisha vipande haraka, vinakula nyingi.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme vyuma vinavyozunguka vina ukinzani wa 0.5, kwa kipimo cha kilo mara mita za mraba, na injini imefika mizunguko 3,500 kwa dakika. Ikiwa inaongeza mizunguko 300 kila sekunde, vyuma vinakula kama farasi 8. Ikiongeza mizunguko 2,000 kila sekunde, vinakula kama farasi 51. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale.

Hapo ndipo daino na uwanja vinapoachana. Kwenye daino inayoweka mzigo, fundi anaweza kuiacha injini ipande polepole na namba ikatoka nono. Kwenye mbio, gia ya kwanza inapandisha mizunguko kwa fujo na vyuma vinachukua chao mapema. Nguvu hiyo haipotei yote, kwa sababu gia ikibadilishwa na mizunguko ikashuka, flaiwili hurudisha sehemu yake. Lakini sekunde zilizopita hazirudi.

Halafu kuna tabo, lile feni linalozungushwa na moshi wa injini ili lisukume hewa ndani. Tabo kubwa inataka muda na inataka injini ibebe mzigo. Injini ikipanda haraka mno gia za chini, tabo inabaki nyuma, dizeli inakosa hewa, na unachokiona ni moshi mweusi tu. Ni sawa na winga mwenye mbio anayehitaji mita 40 ndipo achanganye, wakati beki ameshaondosha mpira.

Kwenye mita 201, ambayo ni nusu ya robo maili, gari kali linamaliza kwa sekunde tano au sita hivi. Hakuna muda wa kuisubiri tabo. Ndiyo maana dereva anashika breki huku akikanyaga mafuta kabla taa ya kijani haijawaka, injini isukume dhidi ya mzigo na tabo ijae hewa. Wengine wanaongeza gesi ya naitrasi kuiamsha. Akizidisha, tairi zinateleza au gia boksi inapasuka, na safari inaishia hapo.

Kwa mtazamo wangu, timu inayomwaga hela kwenye tabo kubwa ili ipate namba ya kutamba inajiumiza yenyewe. Nafuu tabo ya wastani inayoamka mapema, na gia zilizopangwa ili injini isipande ovyo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anatamba na farasi wake 2,000, muulize swali moja: zilipimwa injini ikipanda kwa kasi gani? Namba hazidanganyi, ila kuna namba za mazoezini na namba za mechi.