Kabatoro: Maziwa ya mama yahimizwa, moyo wake hauulizwi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji, na ujumbe wake unafahamika hata kwa asiyewahi kukanyaga kliniki: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na asipewe kitu kingine, hata maji, hadi atimize miezi 6. Ujumbe huo ni sahihi, na Uganda umepokewa kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takribani asilimia 66 ya watoto walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kinachosahaulika ni hali ya huyo anayenyonyesha.

Katika mji wa Katwe-Kabatoro, wilayani Kasese, suala hilo lina uzito wa pekee. Mji huo umezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, nafasi ya kulima ni finyu, na riziki ya wengi hutoka katika ziwa la chumvi la Katwe. Wanaume huchimba mawe ya chumvi ziwani. Wanawake wengi huinama katika mashamba ya chumvi kando ya ziwa, miguu ikiwa ndani ya maji makali yanayochubua ngozi. Chumvi huvunwa kiangazi. Jua halimsubiri aliyejifungua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Lakini sheria hiyo humtazama mwenye mwajiri. Mama anayelipwa kwa kadiri ya chumvi aliyovuna hana wa kumwomba likizo. Siku asiyofika shambani ni siku isiyo na fedha. Hurejea kazini mapema, na kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kukaa juani kandokando ya maji ya chumvi, huachwa kwa bibi yake au dada yake mkubwa. Akilia, hupewa maji au uji mwepesi.

Hapo ndipo mambo mawili yanayozungumzwa kana kwamba hayahusiani yanapokutana. Maziwa hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya mara chache, hupungua. Nayo homoni ya oksitosini, inayoyasukuma yatoke, huzuiwa kwa muda na hofu, maumivu na msongo wa mawazo. Mama aliyerudi jioni akiwa amechoka, matiti yamejaa na kuuma, huona maziwa hayatoki, akahitimisha kwamba hana maziwa. Jirani humwambia hali chakula cha kutosha. Mhudumu humkumbusha miezi 6. Hakuna aliyemdanganya, lakini kila neno humwongezea lawama.

Lawama hiyo ina madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia taarifa za akina mama wapatao 14,000 wa Uingereza, ulibaini jambo la kutafakari. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa na sonona wakati wa ujauzito, waliokusudia kunyonyesha na wakafanikiwa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuipata baada ya kujifungua. Waliokusudia wakashindwa ndio waliokuwa hatarini kuliko wote. Kwa hiyo kampeni inayopandisha azma ya mama bila kumwekea msaada inaweza kumuumiza yule yule iliyemlenga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufikia asilimia 19.8. Hii si ile huzuni ya siku chache inayowapata wanawake wengi na kuisha ndani ya wiki 2. Kasese, zaidi ya hayo, imepitia mengi: Ebola iliyovuka mpaka na kufika Bwera Juni 2019, mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2020, shambulio la shule ya Lhubiriha mjini Mpondwe mnamo Juni 16, 2023.

Katika vyumba vya habari tumezoea kuandika sonona, na neno hilo ni zuri. Ila si rahisi mama aingie kliniki na kusema ana sonona. Atasema hapati usingizi hata mtoto akilala, mwili mzito, moyo umechoka, mawazo yamezidi. Atayasema kwa Kikonzo au kwa Kiswahili cha sokoni. Mhudumu asiyeuliza kwa lugha hiyo hatasikia jibu.

Fursa ya kuuliza ipo. Ratiba ya chanjo humleta mama kituoni katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto hupimwa uzito na kuchomwa sindano. Mama ni mbebaji tu. Wapo watakaosema wahudumu wamezidiwa, na ni kweli. Lakini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, walifundishwa mazungumzo rahisi ya kumsaidia mama mwenye sonona nyumbani kwake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 23 ya mama waliotembelewa kwa njia hiyo bado walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya waliopata matembezi ya kawaida. Uganda ina wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini tangu mwaka 2001. Kinachokosekana ni mafunzo hayo, na posho ya kuwafanya waendelee.

Jambo moja zaidi hupotoshwa mara kwa mara: si lazima mama anayetibiwa sonona amwachishe mtoto. Baadhi ya dawa, ikiwemo sertraline, hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na uamuzi ni wa daktari, si wa jirani. Lakini mama anayesikia sauti zisizosikika na wengine, asiyelala siku kadhaa mfululizo, au anayezungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani wala wodini.