Kampuni tatu, mmiliki mmoja: Data za wazi zinavyoonyesha nani anajenga Mwanza

• Daraja la JP Magufuli na SGR ya Mwanza–Isaka vinarudi kwa mmiliki mmoja.
• Kumjua mwenye kampuni ndogo ya mtaani ni kazi ngumu zaidi.

Mwanza. Ukitoka Buhongwa hadi Usagara, kisha ukashika njia ya Sengerema, unafika Daraja la JP Magufuli (Kigongo–Busisi). Lina urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni na lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025.

Wakandarasi wake ni wawili: China Civil Engineering Construction Corporation (CCECC) na China Railway 15 Bureau Group.

Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilomita 341 kwa zaidi ya Sh3 trilioni, nayo ina wawili: CCECC tena, pamoja na China Railway Construction Corporation (CRCC).

Ukisoma haraka unahesabu kampuni tatu. Ukichora ramani ya umiliki, mwenye mali ni mmoja.

Ramani inachorwaje?

CRCC iliingia kwenye masoko ya hisa ya Shanghai na Hong Kong mwaka 2008. Kampuni iliyo sokoni hulazimika kutoa ripoti kila mwaka na kutaja kampuni zake tanzu. CCECC na China Railway 15 Bureau zimo. Juu ya CRCC kuna kampuni mama ya Serikali ya China.

Hilo si kosa. Ila linasaidia kupima hatari: kampuni mama ikiyumba, miradi yote miwili inaguswa.

Karibu na nyumbani ni kugumu

Sasa chukua kalavati au darasa linalojengwa Buhongwa. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Humo unapata jina la kampuni iliyoshinda.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) inakupa daraja lake la usajili, kuanzia la kwanza hadi la saba. Brela, kwa ada, inakupa wakurugenzi na wanahisa.

Baada ya hapo njia inafungwa. Mwanahisa wa kwenye karatasi si lazima awe ndiye anayekula faida. Huyo wa mwisho sheria inamwita mmiliki manufaa. Tanzania ilianza kudai taarifa zake kupitia mabadiliko ya sheria ya 2020 na kanuni za 2021, lakini rejista hiyo ni ya mamlaka za Serikali, si ya mwananchi wa kawaida.

Matokeo yake, ni rahisi kumjua mwenye kampuni aliyeko Beijing kuliko aliyeko mtaa wa pili.

Kwa nini ujali?

Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengwe kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kijana akiazimwa jina tu huku fedha zikiingia mfuko mwingine, jirani zake hawana pa kuthibitisha.

Taifa limewahi kulipia somo hili. Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk Harrison Mwakyembe iliripoti kuwa Richmond, iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006, haikuwa na uwezo wala uzoefu. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Maswali ya kampuni ni ya nani yalipamba moto mkataba ukiwa tayari umesainiwa.

Pa kuanzia

Chukua jina la kampuni kwenye NeST kama lilivyoandikwa, lipeleke Brela, kisha linganisha wakurugenzi na anwani. Majina kufanana pekee si ushahidi. Lakini kampuni mbili zinazopata kazi kata moja zikiwa na mkurugenzi yuleyule, hilo ni swali halali la kumuuliza diwani kwenye mkutano wa hadhara.